Gari Zima, Skrini Imekufa: Kazi Inayowasubiri Mafundi wa Mwanza



Nimealikwa kuzungumza juu ya magari ya umeme na Kanda ya Ziwa. Najua mada hii ikitajwa, maswali ya kwanza huwa ya betri: inakaa na chaji muda gani, ikichoka mpya inauzwa shilingi ngapi, umeme ukikatika itakuwaje. Ni maswali ya haki, na wako wanaoyajibu vizuri kuliko mimi. Leo naomba tutazame kifaa kingine ambacho watu hawakiulizi mpaka kiwe kimeshakufa, yaani kompyuta iliyokaa nyuma ya skrini ya katikati ya dashibodi.

Hoja yangu ni moja. Kompyuta hiyo huzeeka upesi kuliko mota, bodi na viti vya gari. Sisi tunaonunua magari ya mtumba hulipata gari likiwa limeshatumika miaka minane, kumi au zaidi, kwa hiyo tunaipokea kompyuta ikiwa imeshazeeka. Basi umri wa gari la umeme mikononi mwetu utategemea sana kama tuna fundi anayeweza kuifungua kompyuta hiyo, kuitengeneza au kuibadilisha bila kuharibu vingine. Fundi huyo hapa Mwanza tunaye nusu. Ni yule tunayemwita fundi redio. Nusu iliyobaki ni juu yetu kumsomesha.

Nitaanza na tunachokijua, kisha nitavuka bahari tuone yaliyowapata wengine, halafu nitarudi hapa ziwani kusema la kufanya.

Tulichokwisha kujifunza kwa redio za Kijapani

Karibu kila mmiliki wa gari hapa amepitia jambo hili. Toyota IST, Vitz, Passo, Raum au Harrier inashushwa bandari ya Dar es Salaam, inakatiza Dodoma, Singida na Shinyanga, inafika Mwanza. Injini inaitika vizuri, kiyoyozi kinapuliza. Mwenye gari anafungua redio atafute vituo anavyovijua, lakini vingi havipati.

Redio ile si mbovu. Japani kwa miaka mingi ilitenga masafa ya FM kati ya megahezi 76 na 90. Kuanzia 90 hadi 108 kulikuwa na chaneli za televisheni za analogia, mpaka matangazo hayo yalipozimwa sehemu kubwa ya nchi Julai 2011. Ndiyo maana redio nyingi za magari ya zamani ya Kijapani huishia 90. Sisi vituo vyetu viko kati ya 88 na 108, hivyo tunapokutana na redio hizo ni katika megahezi mbili tu.

Dawa ya kwanza ya mafundi ilikuwa ekspanda, kile kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa kabla hayajaingia. Ekspanda inayoshusha megahezi 16, kwa mfano, humfanya msikilizaji wa kituo cha 100 akipate kwenye 84. Lakini hesabu ina ukomo wake. Dirisha la redio ya Kijapani lina upana wa megahezi 14, na sisi tunahitaji 20. Ukichagua kushusha 12, unapoteza vituo vya juu ya 102. Ukichagua kushusha 18, unapoteza vya chini ya 94. Fundi mzuri humuuliza kwanza mteja anasikiliza vituo gani, ndipo achague ekspanda ya kufunga.

Skrini nazo zina yake. Ramani iliyomo ni ya Japani na maandishi ni ya Kijapani. Kadi ya ramani mara nyingi imeshachomolewa, kwa hiyo kila ukiwasha gari skrini inakudai kadi. Televisheni iliyomo inapokea mfumo wa kidijitali wa Japani, ISDB-T, wakati sisi tunatumia DVB-T2. Halafu kuna balaa la kubadilisha betri. Baadhi ya redio za Toyota zilizoundwa kwa soko la Japani hujifunga betri ikitolewa, na mwenye gari anakuta maandishi asiyoyasoma yanayodai namba ya siri asiyoijua. Ulinzi huo uliwekwa dhidi ya wezi. Huku kwetu umemfungia nje mwenye mali.

Mafundi wetu waliyatatua haya yote wakijifunza wao kwa wao. Leo ukipita Igoma, Buzuruga au Nyakato, kazi ya kutoa redio ya Kijapani na kufunga redio ya Android ni ya kila siku. Naomba tumtazame fundi mmoja akiifanya, maana kazi yenyewe ndiyo darasa.

Anaanza kwa kutandika kitambaa juu ya gia ili plastiki isichubuke. Anapenyeza kisu cha plastiki pembeni mwa fremu, anavuta taratibu mpaka vishikizo viachie kimoja kimoja. Ndani anakutana na boliti za namba 10. Anazifungua, redio inatoka na mkia wake wa waya. Kwa Toyota ataona soketi ya pini 10 na nyingine ya pini 6, zinazobeba umeme na spika, kisha waya wa antena na soketi ndogo ya kamera ya nyuma.

Hapa ndipo mafundi wanapoachana njia. Mmoja ananunua mkia wa kuunganishia, wenye soketi za Toyota upande mmoja na za redio mpya upande wa pili. Anachomeka, anajaribu, anafunga. Redio ya zamani anaizungushia mfuko na kumkabidhi mwenye gari. Mwingine anachukua koleo, anakata soketi zote, anaunga waya kwa waya kwa kusokota na selotepu. Siku hiyo redio zote mbili zitaimba. Tofauti itaonekana siku gari litakapohitaji kufunguliwa tena, na kwa gari la umeme itaonekana mapema zaidi, kama nitakavyoeleza.

Skrini ya Tesla na chipu iliyochoka

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 2012 kampuni ya Tesla ilianza kuuza Model S, gari la umeme lenye skrini ya inchi 17 katikati ya dashibodi. Iliondoa vitufe karibu vyote. Ukitaka joto, baridi, kamera ya nyuma au muziki, unagusa skrini. Nyuma ya skrini ile kulikuwa na kompyuta yenye prosesa ya Nvidia Tegra 3 na chipu ya kumbukumbu ya GB 8.

Chipu za aina hiyo, ziitwazo eMMC, zina ukomo wa kuandikwa na kufutwa. Iliyokuwa kwenye Tesla ilikadiriwa kuhimili mizunguko 3,000 hivi kwa kila sehemu. Kwa simu inayobadilishwa kila baada ya miaka michache, hilo si tatizo. Lakini kompyuta ya gari lile iliandika kumbukumbu za shughuli zake mfululizo, ikafuta, ikaandika tena. Baada ya miaka mitano au sita ya matumizi ya kawaida chipu ilichoka. Skrini ilianza kuganda, kisha ikawa nyeusi. Mota ilikuwa nzima na betri kubwa ilikuwa nzima, lakini dereva alikosa kamera ya nyuma, alikosa pa kuamuru kioo cha mbele kiondolewe ukungu, na hata mlio wa indiketa ungeweza kupotea.

Januari 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliitaka Tesla iyaite magari hayo kwa matengenezo. Mwezi uliofuata kampuni ilikubali kuyaita magari kama 135,000 ya Model S na Model X yaliyotengenezwa kabla ya mapema 2018. Chipu ya GB 8 ilibadilishwa ikawekwa ya GB 64.

Kabla ya hapo, mwaka 2020, Tesla ilikuwa imeanza kuwauzia wenye magari ya zamani kompyuta mpya yenye prosesa ya Intel, kwa dola 2,500. Baadaye bei ilishuka hadi dola 1,500. Wengi waliifurahia kwa sababu skrini iliitika upesi. Lakini waliobadilisha walikosa redio ya FM, maana kompyuta mpya haikuja na kipokezi chake. Baadaye kampuni iliwauzia kipokezi hicho kwa dola 500 nyingine. Mtu amelipa ili gari lake liwe la kisasa, halafu hasikii taarifa ya habari. Dereva wa Mwanza aliyekaa na gari lisiloshika stesheni anaelewa vizuri machungu hayo.

Mtaniambia: Mwalimu, Tesla hapa zipo ngapi? Nakubali. Lakini chipu zinazochoka kwa namna hiyohiyo zimo ndani ya redio za Android tunazofunga kila siku. Ndiyo maana redio ya bei ya chini, yenye memori ndogo na programu nyingi zilizorundikwa, huanza kukwama baada ya muda mfupi. Na kuna zinazoonyesha kwenye menyu memori ambayo ndani haimo. Fundi anayejua chipu huchoka vipi atamshauri mteja wake anunue kifaa chenye nafasi ya kutosha, na atamfutia programu asizozihitaji.

Mtandao ukizimwa, gari linabaki na nini?

Kompyuta ya gari huzeeka kwa njia nyingine pia. Chipu inaweza kuwa nzima, lakini dunia iliyoizunguka ikawa imebadilika.

Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010. Ndilo gari la umeme la kawaida lililotangulia kuingia kwa wingi katika soko la mtumba la Japani, na ndilo ambalo nchi zenye magari ya usukani wa kulia, kama yetu, hulipata kwa urahisi. Nairobi wenzetu walikwisha kulijaribu: huduma ya teksi ya NopeaRide, iliyoanza mwaka 2018, ilibeba abiria kwa Leaf. Leaf za mwanzo zilikuwa na modemu ya kuwasiliana na simu ya mwenye gari, ili aweze kuanza kuchaji au kuwasha kiyoyozi akiwa mbali. Nchini Uingereza Nissan iliwatangazia wenye Leaf za awali kwamba huduma hiyo ingekoma 1 Aprili 2024, kwa hoja kwamba modemu zao ni za 2G. Japani nako, KDDI ilizima mtandao wake wa 3G tarehe 31 Machi 2022, na vifaa vyote vilivyoutegemea vikanyamaza.

Hata saa ya gari si salama. Januari 2022 wenye magari ya Honda na Acura ya miaka ya nyuma waliamka wakakuta saa za skrini zao zimerudi mwaka 2002, kwa kosa la programu inayosoma tarehe kutoka setilaiti.

Nayasema haya ili tuelewe kwamba mtengenezaji hupanga maisha ya kompyuta ya gari kwa kumfikiria mnunuzi wa kwanza. Sisi ni wanunuzi wa pili, wa tatu na wa nne, na hatumo katika mpango ule. Gari likishavuka bahari, mlezi wake ni fundi wa hapa.

Leaf ikifika Mwanza

Tuseme sasa Leaf ya 2012 imefika. Inahitaji nini?

Kwanza, lugha. Katika Leaf za mwanzo zilizouzwa Japani, ratiba ya kuchaji hupangwa kwenye skrini, na skrini ni ya Kijapani. Mwenye gari anayetaka gari lichaji usiku akiwa amelala anashindwa kwa sababu hasomi menyu. Huko Nyuzilandi, nchi iliyonunua Leaf nyingi za mtumba kutoka Japani, wapenzi wa magari hayo walitafuta njia ya kuingiza programu ya Kiingereza katika skrini hizohizo. Ni kazi ya kijana anayeflashi simu, akiongezewa subira na vifaa.

Pili, ukweli wa betri. Leaf ya kwanza ilitoka kiwandani na betri ya kWh 24. Ikiwa mpya, safari halisi yake kwa chaji moja ni kilomita mia na kitu, na ikizeeka hupungua sana. Kutoka hapa hadi Geita ni zaidi ya kilomita 100. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu haongojei kivuko, anapita moja kwa moja, na ni rahisi kusahau kwamba barabara nzuri haiongezi chaji. Kwenye mita ya Leaf kuna vijisanduku 12 vya afya ya betri. Fundi anaweza pia kuchomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani na kusoma hali ya betri kwenye simu kwa programu ya LeafSpy. Mnunuzi asilipe kabla ya kuviona vijisanduku hivyo.

Tatu, na hapa naomba mafundi mnisikilize kwa makini, kuna betri ndogo. Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa ya Leaf ina volti 360 hivi, na ndiyo inayoendesha mota. Ndogo ni ya volti 12, kama ya Vitz, na ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa upite. Betri ndogo ikifa, gari halitawaka hata kama betri kubwa imejaa, na hata kuchaji haliwezi.

Sasa kumbukeni yule fundi mwenye koleo. Redio ya Android huja na waya wa njano unaotaka umeme muda wote, na mwekundu unaotaka umeme ufunguo ukiwashwa. Wapo wanaoziunga pamoja ili redio iimbe hata ufunguo ukiwa mfukoni. Redio hiyo hailali usiku kucha. Kwa gari la petroli, asubuhi utaomba jirani akuazime umeme wa betri yake, mambo yaishe. Kwa Leaf, mtu ataona gari zima limekufa, ataambiwa betri kubwa imekwisha, na atashawishiwa kuliuza kama chuma chakavu, kumbe kosa ni waya mbili zilizosokotwa pamoja.

Nne, mawasiliano. Katika magari ya kisasa vifaa vinazungumza kwa jozi ya waya zinazoitwa CAN, mfumo uliobuniwa na Bosch na kutangazwa mwaka 1986. Redio, kamera, vitufe vya usukani na kiyoyozi vinaweza kuwa kwenye mstari mmoja. Ukikata jozi hiyo bila kujua, unaweza kuviziba mdomo vingi kwa mpigo. Vipo visanduku vidogo vya kutafsiri lugha hiyo kwa redio mpya. Fundi ajifunze kuvichagua kulingana na gari lililo mbele yake.

Tano, uhai wa fundi mwenyewe. Waya za rangi ya chungwa katika gari la umeme au haibridi ni za umeme mkubwa unaoua. Hata Prius ya kawaida inabeba volti zaidi ya 200. Kazi ya redio haina sababu yoyote ya kuzigusa waya hizo. Asiyefundishwa kuzizima asizifungue, hata mteja akisisitiza.

Ruhusa na elimu

Duniani kuna mvutano mkubwa: ni nani mwenye haki ya kuifungua kompyuta ya gari, aliyeitengeneza au aliyelinunua? Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliamua kwa wingi mkubwa kwamba wenye magari na gereji huru wapate taarifa ambazo gari huzituma kwa mtengenezaji. Msimamo wangu uko upande huo. Aliyelipa bei na ushuru wa gari ana haki ya kulitengeneza, na fundi wake ana haki ya kupata michoro na programu za kazi hiyo.

Lakini haki bila ujuzi haitoshi. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa walianza mapema: Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na Kiira Motors ikafuata na basi la Kayoola mwaka 2016. Sisi tuna chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, tuna shirika la viwanda vidogo la SIDO, tuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) hapahapa Mwanza. Sihitaji mjenge kiwanda kipya kesho. Nahitaji kozi fupi ya jioni ambayo kijana wa Buzuruga ataisoma bila kufunga kibanda chake: kusoma mchoro wa waya, kutumia mita ya umeme, kulehemu kwa risasi badala ya kusokota, kuijua CAN, kuiheshimu rangi ya chungwa, na kubadilisha chipu ya kumbukumbu. Walimu wa sehemu ya kozi hiyo wapo tayari mitaani. Ni mafundi simu wetu, wanaobadilisha chipu ndogo kuliko hizo kila siku.

Ninachowaomba

Kwenu mafundi: acheni kukata soketi za gari la mteja. Tumieni mkia wa kuunganishia, mrudishieni mwenye gari redio yake ya zamani, na msifunge video itakayocheza mbele ya macho ya dereva gari likiwa kwenye mwendo.

Kwenu wenye magari: mkilipia kazi nzuri, msimlalamikie fundi kwamba mkia wa kuunganishia umeongeza bei. Bei ya kukata waya mtailipa baadaye, na itakuwa kubwa zaidi.

Kwenu mnaoagiza magari: mwambieni mteja ukweli wa skrini kabla hajalipa. Ni ya lugha gani, inashika masafa gani, kadi yake ipo au haipo, betri ina vijisanduku vingapi.

Kwenu wakuu wa vyuo: waiteni mafundi redio na mafundi simu, muwasikilize wanachokijua, muwape cheti cha ujuzi walio nao, kisha muwafundishe kilichobaki.

Magari ya umeme ya mtumba yatafika hapa, tuwe tayari au tusiwe tayari. Tusipowaandaa mafundi wetu, tutatupa magari mazima kwa sababu ya chipu ndogo isiyojaza hata kiganja. Tuwaandae sasa, wakati magari hayo bado ni machache.